Shangazi Alipochagua Kusimama

Juzi niliingia dukani kununua mafuta ya nywele. Kijana muuzaji akafungua chupa ya mafuta ya nyonyo ninuse, nihakikishe kwamba ni halisi, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta nimeishika meza yake kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Vipi bibi, yameharibika?" Nikamwambia hayajaharibika, ni mazuri mno, na hiyo ndiyo shida yake. Harufu ile nzito ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya Kanyenye, pale Tabora, kabla jua halijapanda. Sijui ninyi wenzangu mliokulia siku zile za foleni za duka la ushirika mnakumbushwa na nini. Mimi hukumbushwa na nyonyo.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mkandaji. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na huyo naye aliirithi kwa mama yake, ambaye inasemekana alikanda mabega ya wapagazi waliopita Tabora na pembe za ndovu, wengine wakishuka pwani, wengine wakirudi Ujiji. Ukoo mwingine ulijisifu kwa mashamba au kwa mtu aliyehiji. Sisi tulijisifu kwa mabega ya watu wasiotuhusu. Wagonjwa walikuja kwa lori kutoka Igunga na Nzega, wafugaji waliopigwa teke na ng'ombe, wanawake waliotoka kujifungua, wazee wasioweza kuinuka kitandani. Walifika asubuhi na mapema, wakasalimia "mwangaluka" mlangoni, na Bibi alianza kuujua ugonjwa wa mtu kwa jinsi alivyoinama kuvua viatu. Wengi waliingia wakichechemea, wakatoka wakitembea vizuri.

Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, naye alimzaa mwenyewe. Shangazi Tausi alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba. Alizaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi, vilivyopinda kwa ndani, na mkunga akacheka akasema huyu atawasumbua mafundi viatu. Leo najua kwamba madaktari wakiona vidole kama vile kwa mtoto mchanga hushtuka. Ni ishara ya kwanza ya ugonjwa adimu kabisa, unaofanya misuli na kano zigeuke mfupa, kidogo kidogo, hadi mtu awe na mifupa juu ya mifupa. Siku zile nani angejua? Shangazi alisoma mpaka darasa la nane, alicheza mpira wa rede na wenziwe, ila kila alipoanguka alivimba, na uvimbe ulipopungua uliacha kitu kigumu chini ya ngozi. Kwanza shingo iliacha kugeuka, kisha mgongo, kisha mabega. Nilipopata akili ya kukumbuka mambo, alikuwa tayari anageuka mwili mzima akitaka kukutazama, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko, kiganja kikiwa mbele ya mbavu, hauendi juu wala chini.

Mimi sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndio ukubwa. Niliwaona wazee wetu wanavyoinuka mkekani huku wakimtaja Mungu, niliona Balozi wetu wa nyumba kumi anavyoshika kiuno akitaka kuokota kitu, nikajua basi, watoto tumeumbwa laini, wakubwa hukauka, na Shangazi amewahi tu kuliko wenzake. Nilimwonea hata wivu. Asubuhi nilikuwa najibonyeza mikono nione kama nami nimeanza. Siku moja nilimwambia Bibi, "Mimi bado sijakauka hata kidogo." Bibi, ambaye alizoea kuniita mke mwenzake na kunitania kutwa, safari ile hakucheka. Alinivuta, akaniminya mabega yangu, akanishikilia muda mrefu.

Kila alfajiri alimkanda binti yake kabla ya wagonjwa wengine. Nilikuwa nalala chumba kimoja nao, basi niliamshwa na harufu ya mafuta yaliyopashwa moto na sauti ya Shangazi akivuta pumzi kwa meno. Bibi alimkanda kwa nguvu zake zote. Pale alipokuta pagumu ndipo alipozidisha, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowaponya watu wote wengine. Shangazi hakulalamika. Wakati mwingine machozi yalimtoka na bado alikuwa akisema, "Ahsante, mama."

Baadaye baba alimpeleka hospitali. Daktari alimpiga picha ya mifupa, akaiweka dirishani kwenye mwanga, akamwambia baba ukweli kwamba hajawahi kuona kitu kama kile. Alichoma sindano kwenye paja, akakata kinyama kidogo mgongoni akakipime. Shangazi alirudi nyumbani na ile picha, na mimi niliiona. Mpaka leo nikifumba macho naiona. Mbavu zilikuwa pale, uti wa mgongo ulikuwa pale, na juu yake kulikuwa na mifupa mingine, myeupe, imetambaa kutoka bega hadi kiunoni, imeshikana vizuri. Haikuwa imeoza wala kuharibika. Ilikuwa mifupa mizima, imetengenezwa kwa ustadi, ila mahali ambapo mtu hatakiwi kuwa na mfupa. Niliogopa, lakini si woga wa kukimbia. Ulikuwa ule woga unaokufanya ushushe sauti.

Pale paja lilipochomwa sindano pakawa pagumu. Pale mgongo ulipokatwa pakawa pagumu zaidi. Shangazi akawaza, na alfajiri moja, Bibi alipokuja na bakuli lake la mafuta, alimwambia, "Mama, leo usinikande."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefikiri. Mgongo umekandwa, umekuwa mfupa. Mabega yamekandwa, yamekuwa mfupa. Alipochoma daktari, mfupa. Alipokata, mfupa. Penye unafuu ni pale ambapo hamjapagusa."

Bibi aliweka bakuli chini. "Unataka kusema ni mikono yangu."

"Hapana, mama. Ugonjwa ni wangu, nimezaliwa nao, hata usingenigusa ungekuja. Lakini mwili wangu ukibonyezwa unadhani umevunjika, unakimbilia kujenga. Haujui kuacha."

"Basi sitakushika tena."

"Kunishika unishike. Usinikande tu."

Bibi aliitazama mikono yake, yote miwili, imeng'aa mafuta. "Mikono hii haijui kushika bila kutafuta, mwanangu. Ikikushika itatafuta." Akaifunika kwa khanga yake. Kuanzia siku ile, alipokuwa karibu na Shangazi, mikono yake ilikaa ndani ya khanga. Kumnyanyua, kumvisha, kumlaza, zikawa kazi za mama yangu na baba. Bibi aliwakanda watu wa Igunga, aliwakanda watu wa Isikizya, aliwakanda watoto wa majirani, na binti yake akawa anampita kwa mbali. Nilimwona akipika uji, akiuonja, akiupoza, halafu akimpa mama yangu ampelekee. Mpaka leo sijaona mtu aliyependa kwa taabu namna ile.

Miaka hiyo ndipo ilipokuja elimu ya watu wazima. Redio ilihimiza, Balozi akahimiza, kila mtu aliyejua kusoma alitakiwa amfundishe asiyejua. Balozi alikuja nyumbani, akavua kofia, akasema, "Ndugu Tausi, mtaani kwetu wanawake wengi hawajui kusoma, na wewe una darasa la nane limekaa bure."

"Mkono wangu haufiki ubaoni, Balozi."

"Basi ubao utafika mkononi."

Alisema kwa utani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza ubao, mama akaupaka weusi wa mkaa wa betri za tochi zilizokwisha, ukakaa juu ya fito mbili zilizopakwa nta ili uteleze, uani kwetu, sawasawa na kimo cha kiganja cha Shangazi. Yeye alisimama mbele yake na chaki. Mkono haukutoka mahali pake. Vidole na kifundo tu ndivyo vilivyocheza, na mwanamke mmoja huku na mwingine kule waliusukuma ubao pole pole kuelekea kushoto, herufi zikawa zinatoka chini ya mkono wake moja baada ya nyingine, zimenyooka kuliko za mwalimu wangu wa shule. Wanawake walizoea upesi. Walijua wakati wa kusukuma na wakati wa kungoja. Nilikuwa najibanza karibu na jiko nikitazama, na kila mara nilipata hisia ile ile niliyoipata mbele ya picha ya mifupa. Mtu amesimama tuli kabisa, na maneno yanatokea.

Bibi hakusoma darasa lile. Alisema ana wagonjwa.

Halafu nyonga ikaanza. Shangazi alizijua dalili zake kama mkulima anavyojua mawingu: joto, uvimbe, maumivu ya kuzuia usingizi, kisha ukimya, na baada ya ukimya, mfupa. Alituambia wazi, mimi nikiwapo, kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna aliyewafukuza watoto mambo yalipokuwa makubwa. Alisema nyonga zote mbili zinaungua, na zikipoa hazitakunjika tena. Zitakavyokutwa ndivyo zitakavyobaki. Zikimkuta amekaa, atakuwa mtu wa kukaa maisha yake yote. Zikimkuta amesimama, atakuwa mtu wa kusimama. Hakuna umbo la tatu, na hakuna kubadili baadaye.

"Kaa," Bibi akasema hapo hapo, kana kwamba alikuwa na jibu siku nyingi. "Ukikaa utakuwa mkekani na wenzako. Utasukwa, utalishwa, wageni watakusalimia vizuri. Ukisimama, siku moja utajikwaa, na huna mkono wa kujikinga. Utaanguka mzima mzima."

"Mama, shingo yangu haiinami wala haiinuki. Nikikaa mkekani nitatazama magoti ya watu mpaka nife. Nikisimama nitawatazama usoni."

"Nani aliyekufa kwa kutazama magoti?"

"Na darasa?"

"Darasa litapata mtu mwingine. Mimi sitapata Tausi mwingine."

Nilimwangalia Bibi nikaona mikono yake inahangaika ndani ya khanga. Kwa akili yangu ya kitoto nilikuwa upande wa Bibi. Lakini kesho yake Shangazi aliomba aegemezwe ukutani, na hakukaa tena. Alisimama na maumivu yale yote, jasho likimtoka, akinywa uji amesimama, akisinzia amesimama mama yangu akiwa amemzungushia mikono. Kuna watu wanaokumbuka vita au njaa wanapotaka kueleza uvumilivu wa binadamu. Mimi namkumbuka msichana aliyeegemea ukuta wa udongo Kanyenye, akiusubiri mwili wake umalize kazi, ili umalizie pale anapotaka yeye.

Baba aliona ukuta haufai, akaenda karakana kumtengenezea kiegemeo: ubao mpana wa mninga, mrefu kuliko mtu, wenye kikanyagio chini na mihimili ya kwapani iliyoviringishwa blanketi, wa kusimamishwa kwa mshazari ili aweze hata kulala humo nusu wima. Bibi alipojua, aliacha kuzungumza na baba. Baba akaumaliza vivyo hivyo. Aliupaka rangi ya kung'arisha, na kwa kuwa ilikuwa bado mbichi na barabara ina vumbi, aliufunika shuka jeupe, akawaita vijana wa karakana waubebe mabegani.

Hebu fikirieni wenyewe. Alasiri, wanaume wanatembea mtaani taratibu, begani wana kitu kirefu kama mtu kilichofunikwa shuka jeupe, na wanaelekea nyumba ambayo kila mtu anajua ina mgonjwa. Watu wakasema ndilo jeneza limetolewa msikitini linapelekwa nyumbani. Wanaume walioketi barazani waliinuka, wakavaa kofia, wakaja kupokezana kubeba ili wapate thawabu. Baba alipiga kelele, "Jamani, ni ubao tu huu!" Wakamjibu, "Pole sana, ndugu yetu. Jikaze." Kadiri alivyokana ndivyo walivyomhurumia. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi, nikaukuta msafara ule njiani, nikamwona baba yangu uso umemvurugika, nikaamini. Nilikimbia nyumbani nikilia kwa sauti, na wanawake waliosikia wakatoka na khanga zao, wakanifuata, nao wakilia.

Uani kwetu Shangazi alikuwa ameegemea ukuta wake. Wanawake wakaingia kwa kilio, mmoja ana unga kwenye ungo, mwingine ana kuni kichwani, Mama Hadija jirani yetu akiwa mbele, tayari ameshajifunga kiuno kwa ajili ya kupika msibani. Wakamkuta marehemu anawatazama usoni.

"Karibuni," Shangazi akasema. "Ni mimi niliyefariki. Sukari ameleta nani?"

Kuni zikaanguka. Mama Hadija alikuwa Mzigua, mtani wetu, na mtani hana adabu hata mbele ya kaburi. Alishika kiuno akamkaripia, "Wanyamwezi bwana! Hata kufa hamjui? Nimeacha maharage yangu jikoni kwa ajili yako!" Uani ukalipuka kicheko, watu wakicheka na machozi ya msiba hayajakauka mashavuni. Mimi nilimkumbatia Shangazi miguu, nikahisi jinsi ilivyokuwa ya moto.

Hapo ndipo Bibi alipotokea mlango wa nyuma. Alikuwa ndani anamkanda mgonjwa, akasikia kilio, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alitoka bila khanga ya juu, mikono imelowa mafuta hadi viwiko, mdomo wazi. Alimwona binti yake amesimama. Mikono yake ilikwenda mbele yenyewe, ikafika karibu kabisa na uso wa Shangazi, ikasimama hewani. Kicheko chote kikafa. Nadhani kila mwanamke pale alielewa, hata wale ambao hawakuwahi kuambiwa.

"Nimesikia vilio," Bibi akasema. "Nimeshakuona umelala, Tausi. Humo ndani, kwa muda ule, nimekuona umelala."

"Nipo, mama."

"Basi simama." Akaishusha mikono. "Simama, mwanangu. Simama unavyotaka."

Baba akafika na jeneza lake na wanaume wake, wakaona aibu, wakacheka, wakasaidia kuusimamisha mti ule wa mninga. Wakamhamishia Shangazi humo, akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu nyonga zianze. Kisha akasema kwamba maadamu watu wote wamekuja, na saa ya darasa imefika, ni vizuri wasome. Wale wawili wa kusukuma ubao wakasogea mahali pao. Bibi akawazuia. Alijifuta mafuta kwa majivu na kitambaa, polepole, kila kidole, akaenda kusimama ubavuni mwa ubao, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Nifanye nini?"

"Nikimaliza herufi, sogeza kidogo upande wako."

"Nitajuaje umemaliza? Mimi sijui herufi."

"Utajua."

Shangazi akaanza kuandika. Lilikuwa somo la kawaida tu, kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Bibi alifumba macho. Hakutazama chaki, hakutazama mkono, aliusikiliza ubao kwa viganja vyake, na chaki ilipoinuka tu, ubao ulikuwa umeshasogea. Haukuwahi wala haukuchelewa. Maneno yakatoka yamepangana, na hakuna mwanamke aliyethubutu kuyasoma kwa sauti. Katikati ya sentensi niliona uso wa Bibi umebadilika. Alikuwa amesikia kitu huko ndani ya ubao, kitu alichokuwa anakitafuta muda wote ule.

"Vidole," akasema, macho bado yamefumba. "Tausi, vidole vyako ni laini."

"Ndiyo, mama," Shangazi akasema. "Sogeza."